Msifuni daraja, si tagi

Nikiwaambia watu kwamba New York hadi leo inavusha mabehewa ya treni kwa tishari, chombo bapa kisicho na injini, wanacheka. Jiji kama lile! Lakini tazama ramani. Reli nyingi zilizotoka magharibi ziliishia New Jersey, mbele yake maji. Pennsylvania Railroad ilipitisha treni chini ya Mto Hudson mwaka 1910, ila za abiria. Daraja la karibu la treni za mizigo liko Selkirk, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Ndiyo maana mabehewa yalipandishwa kwenye matishari yaliyotandikwa reli, tagi, zile boti ndogo za kukokota, zikayapeleka ng'ambo, Manhattan na Brooklyn.

Sifa zote hupewa tagi, na mimi naona hapo kuna uonevu. Kazi yenyewe iko gatini, kwenye daraja la kupakilia. Upande wa nchi kavu limeshikwa kwa bawaba. Upande wa maji linapanda na kushuka kufuata maji kujaa na kupwa. Tishari likifika linakomewa kwa pini nene, reli zitazamane. Kisha kila behewa linaloingia linalididimiza tishari kidogo, na mteremko unabadilika. Ukijaza upande mmoja tu, chombo kinalala. Basi unaweka machache kushoto, unahamia kulia, unarudi. Kichwa cha treni, kwa uzito wake, hakikanyagi daraja: mbele yake hufungwa mabehewa bapa, matupu, ndiyo mkono wake wa kusukumia.

Sisi wa Kanda ya Ziwa haya si mageni. MV Umoja na MV Uhuru, za miaka ya 1960, ni meli za mabehewa zenye injini zao, lakini pale mdomoni mambo ni yale yale. Niliwahi kusimama Mwanza Kusini kuangalia behewa likiingia: chuma kinagonga kwenye kiungo, ta-ta, ta-ta, na jamaa mmoja anatembea kando yake polepole kama anayesindikiza mgonjwa.

New York wamezungumzia handaki la mizigo kwa miongo mingi. Wakati maneno yanaendelea, mamlaka ya bandari ilinunua huduma ya matishari mwaka 2008, na mabehewa bado yanavuka kutoka Jersey City kwenda Brooklyn.

Kule Long Island City, mtaa wa New York, kumebaki minara ya chuma yenye maandishi makubwa, watu wanapiga selfi mbele yake. Wengi wataapa ni kreni za kushushia makontena. Wala. Ndiyo iliyokuwa ikining'iniza ncha ya daraja.