Mtoto avae helmeti, sawa, na mimi nivae nini?

Hivi jamani kuna mtu humu alishawahi kugombezwa kwa voisi? Sio meseji, voisi, tena ndefu, inakatika anatuma nyingine. Na anayekugombeza ni shemeji yako kwa hiyo huwezi kumjibu unavyotaka, unabaki "sawa shem, nimekupata shem" huku roho inakuchemka.

Chanzo ni kavideo tu. Nimekaweka kwenye grupu la familia, Junia anaendesha baiskeli mwenyewe bila kushikiliwa, mama yake anapiga vigelegele, watoto wa mtaa wanamkimbilia nyuma. Mtu mzima unategemea nini? Hongera. Mashangazi wakaweka mioyo, babu akaweka yale maua yake anayowekaga mpaka kwenye tangazo la msiba. Shemeji wa Melbourne, huko Australia, yeye kaona kichwa. Kwenye furaha yote ile kaona kichwa. "Shemeji, huyo mtoto mbona yupo kichwa wazi?"

Kichwa wazi! Kwani mi ndo nimekifunua?

Basi nikapigwa somo. Kwamba huko kwao jimbo la Victoria walitunga sheria tangu 1990, wa kwanza dunia nzima, ukipanda baiskeli unavaa helmeti, mkubwa kwa mdogo, hukuvaa unalipa faini. Sawa shem. Mi hiyo 1990 nilikuwa Kahama naendesha Phoenix ya mzee, mguu nimeupitisha katikati ya fremu maana juu ya bomba sifiki, kiuno kimepinda upande, keria ina dumu la mafuta ya taa. Nimeanguka na ile baiskeli mpaka nikazoea. Na nikirudi nyumbani magoti yote damu swali lilikuwa moja tu, mafuta yamemwagika hayajamwagika? Kichwa hakuna aliyekiulizia. Nikiwaambia hivyo mke wangu anadakia, "ndo maana upo hivyo baba Junia." Nipo vipi? Hasemi. Anaendelea kuchambua mchele.

Afu shemeji angeuliza breki. Breki ndo angeuliza! Hii baiskeli ya mtumba breki zimebaki nyaya tu, fundi kila siku "kesho mzee", mtoto anafunga breki kwa kisigino, anakandamiza ndala kwenye tairi la nyuma. Ndala za huyu mtoto zinaisha upande mmoja. Ukiingia kwangu mlangoni ndala za kushoto zote nzima, za kulia zina tundu unaona sakafu. Hela yangu inaishia kwenye ndala, hakuna shemeji aliyewahi kunitumia voisi kuhusu ndala.

Ila mama Junia akaamua kaka yake kasema kweli, na mnajua kaka wa mke akishasema kweli akiwa ng'ambo hiyo inakuwa sheria ya nyumba. Jumamosi nikapewa nauli. Kariakoo.

Sasa Kariakoo ukimuulizia mtu mmoja kitu umeulizia soko zima. Nimemuuliza kijana mmoja kwa sauti ya chini, kistaarabu, "samahani, helmeti za baiskeli za watoto zinapatikana wapi", sijafunga mdomo nimeshashikwa mikono yote miwili, "mzee njoo huku", "mzee zipo", "mzee usimsikilize huyo", mzee mzee mzee, na mimi nilivaa ile fulana yangu ya kunipunguza miaka. Aliyeshinda kunivuta akanikalisha kwenye ndoo, akaingia uchochoroni, akarudi na helmeti ya bodaboda, nyeusi, ina kioo.

Nikamwambia kijana wangu, mtoto ana miaka saba.

"Atakua mzee."

Nikamwambia nataka ya baiskeli. Akapotea tena. Akarudi na ile ya njano ya mjengo. "Hii mzee wanavaa mainjinia." Mwanangu sio injinia. "Mzee, hujui ndoto za mwanao." Watu wakaguna kwa uchungu, mmoja akanitazama vibaya, yaani nimeonekana baba nisiyejali elimu ya mtoto.

Ya tatu ndo yenyewe. Ya bluu, ina matundu, ndani lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, na mikanda yake. Bei gani? "Kwa wewe, arobaini na tano." Kwa mimi! Tumejuana muda huu huu. Nikataja kumi na nane. Hapo ndo akaona namdharau bidhaa yake, akasema mzee hii huijui hii, hii ngumu, tazama, na kabla sijamzuia kainyanyua juu ya kichwa akaipiga chini kwenye zege, paa! Kaiokota, kaipiga tena, paa! Kaifuta vumbi na fulana. "Umeona? Hata alama haina." Akamwita mwenzake, jibaba moja linabebaga mabelo ya mitumba, "Chuma njoo uisimamie hii, mzee haamini."

Mi nikaruka kwenye ndoo. Maana shemeji, Mungu amsamehe, kwenye zile voisi alieleza kitu kimoja nikakishika. Anasema helmeti ya baiskeli kazi yake sio kuwa ngumu. Lile povu linajiponda lenyewe ukianguka, linakula ule mshindo ili usifike wote kichwani, na likishapondeka halirudi. Ukianguka nayo vibaya mara moja unaitupa, hata kama kwa nje inang'aa. Kwa hiyo mi pale naona mali inauawa mbele ya macho yangu, na muuaji anataka arobaini na tano.

Nikamwambia kijana, umeshaiua hiyo.

"Nimeiua vipi na nzima hii?"

Nikaanza kueleza. Kosa gani hilo la kueleza kitu Kariakoo! Wakajaa. Mzee anasema helmeti ikipigwa chini inakufa. Inakufa vipi? Eti inatakiwa ipondeke. Sasa kama inapondeka si bora ununue sufuria, alisema mama mmoja wa karanga na watu wakamuunga mkono sana. Mwingine akasema ni kama hizi simu za kioo, unanunua kwa laki tano unaitunza wewe badala yenyewe ikutunze. Nikasema hapana, sikilizeni, ikivunjika yenyewe ndo imefanya kazi, na nilivyolisikia hilo neno linatoka mdomoni kwangu nikajua hapa nimekwisha. Jamaa wa belo akauliza taratibu kabisa, kwa huruma, "Mzee umekula lakini?"

Nikajivuta. Nikasema kwa heshima zangu zilizobaki, naomba basi nyingine ambayo haijapigwa chini.

"Zote tumezipiga mzee. Sisi hatuuzi kitu hatujakijaribu."

Nikaona moja juu kabisa ipo kwenye nailoni yake. Je ile? Akakunja sura, kijana mwaminifu kweli kweli, akasema, "Ile mzee siwezi kukudanganya, ile sina uhakika nayo. Haijawahi kupigwa." Nikaipata kwa ishirini na mbili kwa sababu ya mashaka. Naondoka nasikia nyuma wanasema muacheni, kila mtu na maradhi yake.

Basi mkadhani imeisha. Nimefika nyumbani, kuivalisha nako kuna utaratibu, voisi nyingine: vidole viwili juu ya nyusi, isikae kisogoni, mikanda izunguke masikio, chini ya kidevu kipite kidole kimoja tu. Vidole vya nani, vyangu au vya mtoto? Maana vyangu viwili ni paji lote la Junia. Zai naye, dada mtu, anataka kujaribu, haipiti. Kasukwa juzi, nywele zote zimesimama juu. Mama mtu akaruka, "Usiniharibie hizo nywele, nimelipia!" Nikauliza, sasa kichwa na nywele tunalinda kipi? Swali langu likapuuzwa. Zai haendeshi baiskeli mpaka afumue, hiyo ndo ilikuwa hukumu.

Junia yeye siku ya kwanza analia anaona aibu, siku ya pili hataki kuivua. Anakula nayo. Analala nayo. Kaenda nayo madrasa, ustadhi kanirudishia mtoto na ujumbe. Kapanda nayo mpera! Nikapiga picha mtoto yupo juu ya mpera kavaa helmeti, nikatuma kwenye grupu kwa fahari, haya shem, umeridhika? Simu ikaita. Ikaita, sio voisi. "Mtoeni haraka!" Kumbe ukipanda nayo mti ni hatari, mwili unaweza kupita kwenye tawi helmeti ikanasa, mtoto akaning'inia kwa ule mkanda wa kidevu, na watoto wamekufa kweli kwa hilo kwenye mabembea na madaraja ya kuchezea. Sasa hapo mi nilinyamaza, maana hilo sio la kutania. Nikamshusha. Lakini nilivyomaliza kumshusha nikakaa nikajiuliza, hivi mi nimezaa mtoto au nimefungua ofisi? Asiivae anakufa, akiivua anakufa, akiivaa pasipo pake anakufa.

Na hapo sijasema kwamba ameanza kuikodisha. Pale kona kuna yule anayekodisha baiskeli, watoto wanalipa mia mia wanazunguka, sasa mwanangu kajiweka pembeni na helmeti yake naye anachukua hamsini. Imepita vichwa vyote vya mtaa. Mama Junia anasema mapunye hayo yanakuja. Mtoto wa mjumbe kaivaa nyuma mbele, kairudisha ina ubuyu.

Nikamwandikia shem, nikajikaza. Nikasema mbona Uholanzi wanaendesha kuliko wote na hawavai, mtoto unamkuta kichwa kitupu nywele zinapepea? Akanijibu wale wana njia zao. Eeh! Hapo ndo nilikuwa namsubiri. Wale miaka ya sabini magari yaliwaulia watoto zaidi ya 400 kwa mwaka mmoja, 1971 hiyo, wazazi wakaingia barabarani kuandamana, na barabara zikaja kubadilika, baiskeli zikapata njia zake. Hawakuanza na kofia, shem. Sisi Barabara ya Morogoro pembeni ya mwendokasi njia ya baiskeli ipo, si ipo? Nenda kapite na baiskeli. Utakutana na bodaboda anakuja uso kwa uso anakupigia honi utoke, ukimkwepa unamkanyagia mtu nyanya, ukirudi nyuma kuna friji la soda. Na huku kwetu mtaani hata hiyo hatuna, tuna mtaro usio na mfuniko na Fuso za mchanga. Hiyo helmeti wanaipima kwa kuiangusha kutoka kama mita moja na nusu, yaani ya mtoto aliyedondoka peke yake kwenye baiskeli. Hawajaipima kwa Fuso. Dereva wa Fuso hajaombwa avae chochote, hajaombwa hata apunguze mwendo, kaombwa Junia. Junia ana miaka saba!

Shem akaweka dole gumba. Dole gumba peke yake.

Jana tena, nimesimama na mtoto tunataka kuvuka, helmeti ipo kwenye usukani maana tunakokota, bodaboda kasimama pembeni yangu kapakia mshikaki, abiria wawili na mbuzi, helmeti yake kaivika kiwiko. Akanitazama kwa masikitiko. "Mzee, mvalishe dogo elementi, kichwa hakina spea." Akaondoka. Mbuzi akageuka kunitazama.

Mi sina la kusema. Nasema tu na yule muuza aiskrimu naye aulizwe. Anaendesha siku nzima, boksi zito mbele, hakuna voisi inayomfikia. Na kale kamuziki kake. Huyu mtu ana kipaji cha kujua tarehe, mshahara ukiingia humuoni, ikifika ishirini na kitu huko hata hela ya LUKU umekopa ndo anakuja anasimama mlangoni kwako, hasogei, kamuziki kanarudia pale pale, watoto wamejipanga wanakutazama wewe. Mi zamani nikikasikia nilikuwa naingia chooni natulia huko mpaka apite. Saivi Junia keshashtuka, anamwambia jamaa subiri, anakuja kugonga mlango wa choo, "Baba, amesema anakusubiri." Na kweli anasubiri. Juzi nimekaa humo mpaka miguu imekufa ganzi, natoka namkuta kakaa kwenye ngazi yangu anakula ukoko na mama Junia kampa na maji, eti kachoka maskini, na ananiambia mzee pole na tumbo.