Titaniamu ndani ya kava la elfu tano

Dodoma hii ukivaa shati lililopigwa pasi tu, tayari wewe ni mheshimiwa. Na mheshimiwa hauziwi simu ya kawaida. Kijana wa duka kanitolea iPhone 16 na 16 Pro, zote za 2024, kaziweka kaunta, kisha ananiambia kwa sauti ya chini: "Mheshimiwa, hii ya kawaida wananunua wanafunzi wa UDOM." Mwanafunzi gani huyo jamani, nikamkope!

Tofauti yenyewe sasa. Kioo cha kawaida kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, cha Pro mpaka mara 120. Yaani ukiperuzi, mambo yanateleza. Mimi nikifungua simu nakutana na kundi la mchango wa harusi. Deni likiteleza ndiyo limepungua?

Akahamia kwenye ukingo: ya kawaida alumini, Pro titaniamu. Akaigonga kwa kucha nisikie. Kabla sijameza mate keshaleta kava la plastiki, nene, jeusi, elfu tano, "usije ukaichubua." Kumbe titaniamu nainunua niizike! Kichwa cha chaji nacho najinunulia, maana tangu 2020 boksi lina waya tu. Na vumbi la Nkuhungu likishaingia kwenye tundu la chaji haliulizi cheo. Fundi atachokonoa zote kwa kijiti.

Kamera ya tatu inavuta cha mbali mara 5. Nivute nini, mwenye nyumba akija kudai kodi? Huyo namwona kwa macho makavu toka kona.

Tena hiyo kamera ya tatu ndiyo itakayonimaliza. Watu wa mjini simu hawaitazami usoni, wanaitazama mgongoni. Kikao cha harusi, simu yako ina macho mawili, ahadi ya elfu hamsini unapigiwa makofi. Iwe na matatu uone: mwenyekiti anakohoa, anavua miwani, "huyu ndugu yetu tumwandike laki mbili, hana shida huyu." Wa bajaji ghafla hana chenji. Shemeji wa Kondoa, ambaye hata Idi huwa hanisalimii, anapiga saa tatu usiku kuuliza afya yangu, halafu ada ya mtoto. Wakati bando ni lile lile la wiki. Likikata, Pro na isiyo Pro zote tochi.

Mama Neema kauliza swali moja tu: "Hiyo tofauti ya bei si inaezeka chumba cha nyuma?" Nikamjibu bati halipigi picha. Hajanijibu mpaka leo, na chai najipikia.

Kijana naye hachoki. Leo kapiga: "Mheshimiwa, achana na hizo, kuna Pro Max. Inchi 6.9, gramu 227." Gramu 227! Si robo kilo ya nyama hiyo, kasoro mfupa?