Waacheni Watu wa APL Wakutane

Wiki hii nimeisikia tena kauli inayonichoma: eti wanaoendelea kukutana kwa ajili ya APL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni wazee wanaolilia lugha iliyokwisha kufa. Aliyeisema ni kijana mwandishi wa programu, hodari kwelikweli, na wenzake wakamuunga mkono. Mimi sikubali hata kidogo.

Kenneth Iverson, mtunzi wa APL, alitoa kitabu chake kuhusu lugha hiyo mwaka 1962, kampuni ya kompyuta ya IBM wakaiingiza kwenye mashine zao, na kufikia 1969 watumiaji walikuwa wameshakutana Binghamton, jimbo la New York. Toka hapo mkutano ukawa wa kuhamahama: Pisa 1975, Heidelberg 1982, Helsinki 1984, Sydney 1988. Mwaka 1992 ulifanyika Saint Petersburg, miezi michache tu baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika! Lugha iliyokufa haipelekwi huko.

Lakini kwangu mwaka wenyewe ni 1990, Copenhagen. Hebu fikiria. Kuna watu wa bima, wa benki, wa vyuo, waliojenga maisha yao yote ya kazi juu ya APL, yenye alama ambazo kibodi ya kawaida haina. IBM walilazimika kutengeneza tufe maalumu la herufi kwa taipureta zao ili zichapike. Na watu hawa wanazipenda, kwa haki kabisa: kwa alama chache unaiamrisha safu nzima ya namba kwa mkupuo, bila kuielekeza kompyuta ipitie moja baada ya nyingine. Andika +/3 5 8, yaani jumlisha zote, unapata 16. Basi. Sasa hapo Copenhagen, Iverson yuleyule, pamoja na mwenzake Roger Hui, wanaitoa hadharani J, lugha mpya iliyoziacha zile alama na kutumia zilizoko kwenye kibodi ya kila mtu. Aliyekupa alama ndiye anayekwambia zinaweza kuachwa!

Wapo waliomfuata, wapo waliobaki na APL yao mpaka leo. Ila mkutano haukufunga mlango. Miaka iliyofuata mada za J ziliendelea kuwasilishwa humohumo, chini ya jina la APL. Nionyesheni jamii nyingine ya programu inayompa mpinzani wake jukwaa kwa moyo huo. Ugomvi wa namna ile unataka watu watazamane usoni, wabishane mchana, jioni wale meza moja. Kwa barua ungewatenganisha moja kwa moja.

Haya, nauli ni ghali, na miji niliyoitaja ni ya wenye uwezo wa kufika. Hilo linaniuma, na silitetei. Mikutano ile mikubwa ya kimataifa nayo imekoma.

Lakini Dyalog, kampuni inayotengeneza APL, bado wanawakusanya watumiaji wao. Mwaka 2024 walikuwa Glasgow, na mawasilisho yamerekodiwa, yanatazamwa bure. Kijana wetu atazame moja tu mpaka mwisho, halafu aje tubishane.