Rubani wa helikopta naye anastahili mkataba kama wa baharia

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani Kibokoni, Mombasa, na bahasha yenye kurasa 11. Yeye ni rubani wa helikopta, na kurasa hizo ni mkataba wa kazi ng'ambo. Mama alikuwa ameshatenga mahamri na mbaazi. Baba, aliyekula chumvi ya bahari miaka 30, alivaa miwani akaomba asomewe habari ya mshahara kwanza.

Malipo ni ya siku. Siku 42 kazini, siku 21 nyumbani, na hizo 21 hazilipwi hata senti. Kwa hiyo ile hesabu tuliyoipiga haraka haraka, malipo ya siku mara thelathini, ilipungua thuluthi nzima kabla chai haijapoa. Ukurasa wa saba unasema yeye si mwajiriwa bali ni mkandarasi: kodi, akiba ya uzeeni na bima ya afya ni juu yake mwenyewe. Ukurasa wa tisa unasema kampuni itamlipia mafunzo ya aina ya helikopta atakayorusha, lakini akiondoka kabla ya miezi 24 atarudisha gharama yote. Na ukizuka mgogoro, utaamuliwa na mahakama za kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wetu pale mezani aliyewahi kukikanyaga.

Baba alivua miwani. "Mwanangu, ukiugua huko, nani atakurudisha?"

Tulirudi ukurasa wa kwanza tukasoma hadi wa mwisho. Halimo.

Swali lile halikutoka hewani. Zamani, mimi nikiwa darasa la tano, meli aliyokuwa akifanya kazi baba ilitelekezwa na mwenye meli katika bandari moja ya Ghuba. Miezi mitatu hapakuwa na mshahara, maji ya kunywa yalikuwa ya kuomba. Alirudi Kilindini amekonda, mkononi ana mfuko mmoja wa nailoni, na ndani yake kitabu chake cha ubaharia. Mama anacho bado kabatini. Ukikifungua, mihuri ya bandari imepauka lakini inasomeka.

Leo baharia akitendewa vile ana pa kushika. Mkataba wa Kazi za Baharini ulipitishwa Geneva mwaka 2006, Kenya ikauridhia mwaka 2014. Unasema baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24. Hairuhusiwi kumtoza pesa ili apate kazi. Kurudishwa kwao ni gharama ya mwenye meli. Tangu 2017 mwenye meli anatakiwa awe na dhamana ya fedha, ili akiwatelekeza mabaharia walipwe malimbikizo ya hadi miezi 4. Hata mshahara una kima cha chini cha dunia nzima kinachopangwa kupitia Shirika la Kazi Duniani: mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi kwa baharia wa cheo cha AB, yaani baharia mzoefu wa sitahani asiye ofisa. Najua wapo wenye meli wanaoyavunja haya kila siku, na vijana wa Likoni na Mtongwe wanaweza kukusimulia mpaka usiku wa manane. Lakini wanajua ni nini kilichovunjwa na wapi pa kushtaki.

Wahenga wa pwani hii walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Haki hizo ziliundwa na watu, kwa migomo na vyama. Rubani hajaundiwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi ziweke kikomo cha saa za kuruka, na lina kanuni za leseni na za afya. Hiyo yote inalinda usalama wa ndege, na ni vyema. Kuhusu mshahara wake, nauli ya kurudi kwao au likizo ya ugonjwa, rubani ameachiwa apambane peke yake na wakala anayemtafutia kazi.

Tena afya ndiyo kazi yenyewe. Rubani wa biashara hupimwa na daktari kila mwaka. Akifika miaka 40 na anabeba abiria akiwa rubani peke yake, ni kila miezi 6. Moyo ukigoma kidogo au sikio likipungua, leseni inalala. Na helikopta hutikisa mwili: maumivu ya kiuno ni ugonjwa wao unaojulikana. Mdogo wangu ana miaka 31, na siku ile aliinuka kitini kwa kushika ukingo wa meza. Kuna bima ya kupoteza leseni, lakini mkandarasi anajinunulia.

Halafu kuna hatari. Machi 7, 2025, huko Nasir, Sudan Kusini, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaondoa wanajeshi ilipigwa risasi, na mmoja wa wafanyakazi wake akauawa. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 2024, nyingine iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa ilitua kwa dharura katika eneo la Al-Shabaab nchini Somalia, na baadhi ya waliokuwamo wakatekwa. Kazi nyingi za marubani wetu ziko huko huko. Mtu anayepeleka dawa na majeruhi mahali kama hapo hafai kuulizia familia yake italipwa nini na kuambiwa asome kifungu ambacho hakipo.

Basi kwa nini wanasaini? Kwa sababu ya saa. Kijana humaliza chuo na saa 150 au 200 za kuruka, na wenye kazi nzuri wanadai elfu na zaidi. Hapa nyumbani kazi hunona msimu wa kampeni, kisha hukauka. Wakala anajua hilo kuliko mama mzazi.

Ninachotaka hakihitaji miujiza. Kenya, wakala wa mabaharia haajiri mpaka apewe leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Majini. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Kazi wakae pamoja, wamdai vivyo hivyo wakala wa marubani, na mkataba usioonyesha bima, nauli ya kurudi na malipo ya siku za ugonjwa usipite. Na marubani wenyewe waambiane wanalipwa ngapi. Ule usiri wao wa mshahara unawanufaisha mawakala tu.

Kabla mdogo wangu hajaondoka, baba aliomba kalamu. Pembeni ya ukurasa wa tisa akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza fomu za forodha: NAULI YA KURUDI NI YA NANI? Mdogo wangu aliupiga picha ukurasa ule, akamtumia wakala ulivyo, na swali kalitafsiri chini yake. Leo ni siku ya nne. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa.