Mti wa kujifunzia kukereza mnao hapo Tanga, ila mnauchoma mkaa

Kijana wa Tanga akitaka kujifunza kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine, swali lake la kwanza ni mninga unauzwaje. Hapo ndipo anapokwama. Mninga na mkongo ni mbao za kazi ya mteja: zimeshapasuliwa, zimeshalipiwa ushuru na usafiri, na kila kipande unachokiharibu ni hela imekwenda. Anayeanza lazima aharibu vipande vingi, ndivyo mkono unavyozoea. Anachohitaji ni mti wa bure au wa bei ya kuni, na mti huo Tanga mnao kutushinda sisi tulioko Uingereza.

Huku dukani kipande kimoja cha mti wa kukerezea bakuli, kipenyo sentimita 20 na unene 7 hivi, kinakugharimu pauni 10 na kuendelea, na hapo ni mti wa kawaida tu. Ndiyo maana wazoefu humwambia mgeni aachane na duka, awafuate wakata miti wa bustanini, ambao gogo kwao ni mzigo wa kutafutiwa pa kutupa. Tangu ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya ash (mti wa kawaida wa mbao huku) ulipogunduliwa nchini humu mwaka 2012, miti hiyo inakatwa kwa wingi kando ya barabara, na wakerezaji wanaipata kirahisi. Lakini kinachowapa nafuu zaidi ni mazoea: gogo likikatwa asubuhi, jioni ncha zake zimeshapakwa nta. Mazoea hayo nyumbani hayapo, na wala hayana gharama.

Hebu tazameni mlivyo navyo. Kuna miembe na mifenesi inayoangushwa kupisha ujenzi Pongwe na Muheza, michungwa iliyozeeka ikang'olewa, mipera ya uani, matawi yanayokatwa chini ya nyaya za umeme. Kuna misaji ya shamba la Longuza, ambayo vipande vyake vifupi fundi wa vitanda hana haja navyo. Mwisho wa vyote hivyo ni tanuri la mkaa. Mwahi mwenye shamba kabla mchoma mkaa hajafika: "Shikamoo mzee. Ule mwembe ulioanguka, naomba shina futi tatu za chini, matawi na kuni zote zibaki zako." Ukizungumza hivyo mnaelewana kwa bei ndogo, maana humnyimi kuni zake.

Wa kuanzia ningechagua mfenesi. Ukiukata mbichi, ulimbo mweupe unatoka kwenye gome na kugandia msumeno, kisha kiini chake kinajitokeza cha njano kama bizari. Ni mti laini kiasi, patasi inapita bila kugombana nao, na rangi yake huiva ikawa ya kahawia ukikaa mwangani. Ulimbo ukiganda kwenye patasi, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mwembe nao ni mzuri, ila nyuzi zake hupishana: pitisha patasi butu uone zinavyonyofoka na kuacha uso wenye manyoya ambao hata msasa hauuponyi. Dawa yake ni kunoa kila baada ya dakika chache. Mchungwa na mpera ni migumu, nyuzi zake zimeshikana, inafaa vishikio vya patasi, pini za kusukumia chapati na vikombe vidogo. Msaji hautikisiki sana ukikauka, lakini una chembe za mchanga ndani yake, unakula makali ya chuma.

Mnazi mwachie fundi mzoefu. Nje ni mgumu kupita kiasi, katikati umelegea kama sifongo, na unamaliza makali haraka kuliko msaji. Mvinje hupasuka kwa nguvu ukikauka. Mkorosho una utomvu unaobabua ngozi, na mwembe ni ndugu yake, kwa hiyo mwenye kuwashwa na embe bichi avae mikono mirefu na barakoa. Mikoko isiguswe kabisa, ni miti ya hifadhi. Mapaleti ya bandarini watu huyasifia bure: ubao wake ni mwembamba na umejaa misumari, na yenye muhuri wa MB yamepigwa dawa ya sumu, yaacheni. Yenye HT yamechomwa kwa joto tu, hayo unaweza kuyagandisha kwa gundi ukapata vipande vya kufanyia mazoezi.

Sasa gogo limefika nyumbani. Hapa ndipo miti mingi inapoharibika, na chanzo ni kimoja: maji hutoka kwenye ncha haraka mara nyingi kuliko yanavyotoka ubavuni. Ncha inasinyaa, ndani bado pamejaa maji, kwa hiyo inachanika. Gogo likiachwa juani Tanga, nyufa zinaweza kuonekana siku hiyohiyo, zikianzia kwenye moyo wa katikati na kuelekea kwenye gome. Kwa hiyo kata gogo refu kuliko kipenyo chake kwa sentimita 5 au zaidi, ili ncha zikipasuka upate pa kupunguza. Kisha lipasue katikati kwa urefu, msumeno upite palepale kwenye moyo, na sentimita 2 za kila upande wa moyo uziondoe. Bakuli lenye moyo ndani yake mara nyingi litapasuka hata ulitunze vipi. Kabla msumeno haujagusa, chunguza gome: miembe ya mjini imepigiliwa misumari ya kamba za kuanikia nguo na mabango, na alama yake ndani ni doa jeusi linalotambaa.

Ncha zipake siku hiyohiyo. Huku wanauza nta maalumu ya maji kwa madebe. Tanga mishumaa iliyoyeyushwa inatosha, au gundi nyeupe ya seremala iliyopakwa nene mara mbili, hata rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Mishumaa iyeyushe kwenye sufuria iliyo ndani ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe. Weka vipande kivulini penye hewa, juu ya matofali kwa sababu ya mchwa, na si kwenye banda la bati linalowaka mchana. Sehemu nyeupe ya nje ya mwembe hubunguliwa upesi, usiuweke miezi bila kuukereza.

Na hakuna haja ya kusubiri ukauke. Ukiwa mbichi unakerezeka kwa ulaini, vumbi ni dogo, na mwanafunzi anaona maranda marefu yakitoka, jambo linalomfundisha kuliko maneno. Bakuli lichonge kwanza nene: ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa bakuli la sentimita 20. Litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, lipime kwa mizani ya jikoni kila wiki, na uzito ukiacha kupungua, lirudishe kwenye mashine ulimalize. Mwendo nao uangaliwe: kipenyo kwa sentimita mara mizunguko ya dakika moja, jibu lisizidi 20,000, na gogo ambalo bado halijawa duara anza kwa nusu yake. Patasi za kujitengenezea mwenyewe zifuliwe kwa springi ya gari. Msitumie tupa kuukuu ya kunolea, ni chuma kinachovunjika kama kioo kikikwama, na vipande huruka usoni.

Magogo ya kutoka Muheza au Pangani kuja mjini, hata ya mti wa shambani, ulizia kwanza ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu kibali cha kusafirisha. Gari likishazuiwa njiani, ule mti wa bure unakuwa ghali kuliko mninga.

Jambo la mwisho ni kwa wanaotaka kutuuzia sisi wa ughaibuni. Mti uliokauka vizuri kwa hewa ya pwani bado una unyevu wa karibu asilimia 14 hadi 16. Nyumba za huku majira ya baridi zinapashwa moto, na mti ndani yake hushuka hadi asilimia 8 au 10. Bakuli zuri la mfenesi lenye ukuta mnene linaweza kupasuka mezani ndani ya mwezi wa kwanza, na mteja atasema fundi ni mbovu. Bakuli la kusafiri malizieni ukuta wa milimita 5 au 6, unaoweza kujipinda kidogo bila kuchanika, na mpeni mteja maelezo kwamba wiki za mwanzo asiliweke karibu na radieta, yaani chombo cha ukutani cha kupashia nyumba moto.