Kifungu cha 154 na jina linalotokea kwenye simu

Mteja wa saluni Kinondoni akishamaliza kusukwa, anaingiza namba ya aliyemhudumia, anaandika kiasi, na kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Msusi anajulikana mtaa mzima kwa jina la kike, lakini simu inaandika la kiume. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo: kazi imefanywa na malipo ni halali. Hata hivyo, kwa msusi aliyezaliwa mwanamume na anayeishi kama mwanamke, jina hilo moja kwenye kioo cha simu linaweza kumfukuzia wateja, na habari zikimfikia mwenye nyumba, likamtoa kwenye chumba alichokwisha kulipia kodi ya miezi sita.

Tumeanza na simu kwa makusudi, maana mjadala wa haki za mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia hapa Dar es Salaam huanzia kitandani, tena huishia hukohuko. Sheria yenyewe haikuandikwa hivyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la “kuingiliana kinyume cha maumbile”: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Kinamhusu anayefanya na pia anayekubali kufanyiwa, na hakitofautishi mke na mume ndani ya ndoa na wanaume wawili. Kifungu cha 155 kinaadhibu kujaribu, kisichopungua miaka 20. Hakuna kifungu kinachosema kuvaa dera, kutembea kwa madaha au kupenda ni kosa. Lakini wanaokamatwa wengi hukamatwa kwa mwonekano, kwa kuchongewa na jirani, au kwa picha iliyokutwa kwenye simu.

Pengo hilo kati ya tendo na mwonekano ndilo linalozaa madhara makubwa. Polisi wakiwa na mtu wasiyekuwa na ushahidi wa tendo lake, kishawishi ni kuutafuta mwilini. Mtu hupelekwa hospitali, huinamishwa, na daktari huingiza kidole au kifaa kupima kama misuli ya njia ya haja kubwa imelegea. Kipimo hicho hakithibitishi chochote. Misuli hiyo hulegea au kukaza kwa sababu nyingi, ikiwemo umri, choo kigumu na hofu ya mpimwaji mwenyewe. Chama cha Madaktari Duniani kilikilaani mwaka 2017, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Mombasa ikaamua kwamba kumlazimisha mtuhumiwa kupimwa hivyo ni kuvunja katiba. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6), inataka heshima ya mtu itunzwe katika shughuli zote za upelelezi wa jinai. Anayeamini kwa dhati kwamba tendo lile ni dhambi bado hana sababu ya kutetea kipimo hiki.

Sasa hoja za wanaopinga. Tunazichukua kwa uzito wake, kwa sababu ni hoja za wazazi wetu, mashehe, mapadri na wachungaji, na ndiyo imani ya watu wengi wa mji huu. Ya kwanza ni dini. Uislamu na Ukristo, kama unavyofundishwa hapa, havina utata juu ya tendo lenyewe, na asiyetaka kulihalalisha moyoni hawezi kulazimishwa. Lakini dhambi na jinai ni vitabu viwili tofauti. Zinaa ya mwanamume na mwanamke watu wazima ni dhambi kwa dini zote mbili, na Kanuni ya Adhabu haiigusi. Januari 2023 Papa Francis aliitenganisha hivyohivyo: dhambi ndiyo, jinai hapana.

Ya pili ni watoto, na hapa wapinzani wana haki ambayo watetezi wengi huipita haraka mno. Wazazi wanaposikia “ushoga” wengi husikia “ulawiti”, na ulawiti wa watoto upo, unaumiza, na huharibu maisha. Lakini mkanganyiko huo umejengwa na kifungu chenyewe, kwa sababu kinamweka mbakaji wa mtoto na watu wazima wawili waliokubaliana chini ya paa moja. Zaidi ya hapo, anayekubali naye ni mkosaji. Kijana wa miaka 19 aliyerubuniwa na mtu mwenye fedha anaogopa kwenda Dawati la Jinsia na Watoto, kwa kuwa kueleza yaliyompata ni kujitia mwenyewe hatiani. Ikija siku Bunge likaamua kukigusa kifungu hiki, ibara ya kumlinda mtoto na asiyeridhia iandikwe kwanza, peke yake, kwa adhabu ileile kali. Mtetezi asiyeanza na hilo asishangae mlango ukifungwa usoni pake.

Ya tatu ni kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu. Kinachojulikana ni kwamba maneno “kinyume cha maumbile” yalitoka Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza, yakaingia kwenye kanuni ya Tanganyika ya mwaka 1930. Adhabu ilikazwa na Watanzania wenyewe kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwa hiyo marufuku ina damu ya kigeni na ya kwetu pia. Kwa upande wa pili, pwani ilikuwa na majina ya watu hawa kabla ya mashirika ya misaada: hanithi, basha, msagaji. Neno shoga lenyewe ni la kina mama, rafiki wa karibu wa kike, na hadi leo mwanamke wa Kariakoo humwita mwenzake “shoga yangu” bila kuwaza lingine. Watu kuwa na jina hakuna maana walikuwa na heshima. Wengi walivumiliwa ngomani na kwenye harusi, wakadharauliwa kwingine kote.

Msukumo wa nje umeharibu pia, na ni haki kulisema. Mwaka 2011 David Cameron alipofungamanisha misaada ya Uingereza na suala hili, Bernard Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, alikataa hadharani, na nchi ikamshangilia. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo yalikuwa maoni yake. Denmark ilizuia krona milioni 65, na mtaani ikaonekana kwamba watu hawa ndio wanaoikosesha nchi fedha. Fedha ilibishaniwa na wakubwa, na waliohama vyumba usiku ni wengine kabisa.

Afya ndiyo mahali ambapo hasara inahesabika kwa kila nyumba. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi vinavyotumika pamoja na kondomu, na Februari 2017 ikafunga vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi ya VVU. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba hospitali za umma zinahudumia kila mtu, na kimsingi ni hoja nzuri: huduma ikikaa ndani ya mfumo haitegemei mfadhili. Shida iko dirishani. Mwenye kidonda au usaha njia ya nyuma akiambiwa “mlete mwenzi wako”, hasemi ukweli. Anataja homa, anapewa dawa isiyo yake, anarudi nyumbani na ugonjwa. Bila kilainishi cha maji, watu hutumia mafuta ya nazi au ya mgando, na mafuta hulegeza mpira wa kondomu ukapasuka. Na wengi wa wanaume hao wana wake. Virusi havitengani na ndoa.

Je, kuondoa jinai kunafungua njia ya ndoa za jinsia moja? Mahakama Kuu ya Kenya ilihofia hivyo Mei 2019 ilipokataa kufuta vifungu vyake. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilipata kanuni mpya ya adhabu mwaka 2015 isiyo na kosa hilo, na ndoa hizo hazikuja; hata Lambda, chama cha kutetea watu hawa, kiliendelea kunyimwa usajili kwa miaka. Afrika Kusini ina ndoa hizo tangu 2006, lakini mwaka 2008 Eudy Simelane, msagaji aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya wanawake, aliuawa KwaThema. Sheria pekee haikumkinga. Kwa maoni yetu, anayeharakia ndoa hapa Dar anaruka ngazi ambazo watu wanaanguka leo.

Ngazi hizo ni za karatasi zaidi. Jina hubadilishwa kwa hati maalumu mbele ya wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Jinsi iliyoandikwa haina utaratibu. Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014 iliamuru Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, apewe cheti cha mtihani chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsi, bila kugusa habari ya kitanda cha mtu. Aliyepigwa naye anahitaji PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na askari akiuliza “umepigwa kwa nini?” majeruhi huondoka bila fomu.

Mahakamani nako kumekuwa na mtego. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aambatanishe kiapo kinachoeleza alivyoathirika yeye binafsi. Serikali ilisema hilo lingezuia mashauri ya watu wasiohusika. Kwa anayepinga kifungu cha 154, ilikuwa ni kuandika kwa jina na anwani yake, chini ya kiapo, jambo ambalo upelelezi ungelitafuta, kisha nakala ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili makini ataanzia kwingine: kwa aliyepimwa mwili kwa nguvu, au aliyenyimwa matibabu dirishani. Huyo anaapa alichofanyiwa, tarehe gani na hospitali ipi. Haapi amelala na nani.