Lori la Kale Linalobeba Mchanga Bado

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huliita gari la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30, limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na si chombo cha usafiri wa kila siku. Na masharti mawili ya kwanza sina ugomvi. Hilo la tatu hunikera kila nikiona lori la Scania 111 lenye pua, yaani injini mbele ya kabini, likishusha mchanga.

Modeli hiyo ilitoka 1974, kwa hiyo umri inao, na wa ziada. Inaangushwa na sharti hilo la tatu kwa sababu asubuhi ya leo imeingiza hela. Sasa, ni nini kilichoiepusha na wanunuzi wa chuma chakavu miaka yote hiyo? Ni hela hiyohiyo. Kwetu lori likiacha kazi haliendi makumbusho. Linaegeshwa nyuma ya gereji, linanyofolewa giaboksi, kisha difu, kisha springi, na fremu inakatwa kwa gesi ikauzwe kwa kilo. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na njia ya kupitia huko ikakatika, mafuta ya Zambia yalisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, Fiat 682 zikiwa mstari wa mbele, hadi TAZAMA, bomba la mafuta la Tanzania na Zambia, lilipoanza kazi 1968. Ukitaka leo kumwonyesha mwanao moja ya zile Fiat, utahangaika.

Wanaotaka lori listaafishwe mapema wana hoja nzito, nami siibezi. Kazi hufuta ushahidi. Kabini ikipondeka, inafungwa ya gari jingine. Beji ya 111 inaweza kuhamia kwenye 110, na kwa nje hizo mbili zinakaribia kuwa pacha. Injini nayo hubadilishwa, wakati mwingine ikawekwa ya kampuni nyingine kabisa. Ndiyo maana mtambuzi mzoefu haiamini sura. Huanza na namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, maana kibati cha namba kilichofungwa kwa riveti huhama. Na malori ya miaka hiyo yalitoka kabla namba za tarakimu na herufi 17 hazijawa kawaida, kila kiwanda kikiwa na utaratibu wake, hivyo kadi ya gari peke yake inaweza kukupoteza. Kuhusu breki sina utetezi: asiteremke mtu mlima Kitonga na breki za kubahatisha kwa kisingizio cha urithi.

Ila si kila badiliko ni uharibifu. Hati ya Turin, mwongozo wa FIVA wenyewe wa kutunza magari ya kale, inakubali kwamba mabadiliko ya wakati wa kazi ni sehemu ya historia ya gari. Majani ya springi yaliyoongezwa kwa ajili ya barabara mbovu na bodi aliyoichomelea fundi wa mtaani vinaeleza maisha ya lori hilo kuliko rangi mpya yoyote. Halafu hiyo "hali ya kiwandani" inayotafutwa ni ya kiwanda kipi? Scania ziliunganishwa pia Kibaha, pale kiwanda cha TAMCO.

Kwa hiyo mwenye lori aendelee kulipakia, kwa mzigo unaolingana na umri wake. Anakili namba ya fremu, apige picha kabla fundi hajakata kitu, na injini ya asili ikitolewa aifunike kwa turubai asiiuze kwa kilo. Kustaafu kutajadiliwa siku atakapopatikana mtu wa kulilipia maegesho.